Dirisha la Igogo

Faili lenyewe dogo, halifikii uzito wa picha moja ya harusi.
Kweyamba alilituma jioni na neno moja tu: "Bofya."
Nikabofya. Kikafunguka kijidaftari cheupe,
mistari ya anwani na namba, upana wa skrini, kimo chake,
kama risiti ya duka nisilolijua.
Nikampigia. Akacheka huku anatafuna.
"Si hivyo, dada Mbuke. Bofya kulia, halafu fungua kwa—"
salio likaisha.

Nipo Bugarika. Nyumba imeegemea jiwe,
jiwe limeegemea jiwe jingine, na hilo sijui limeegemea nini.
Kompyuta iko juu ya cherehani ya mama,
waya wa chaja umefungwa uzi usichomoke.
Sayi ana tetekuwanga; kiwandani nimeambiwa
nisikanyage wiki mbili.
Lakini sangara hawaugui pamoja nasi.
Minofu inahesabiwa kila usiku,
na mabondo, gramu kwa gramu, kama dhahabu ya Geita.

Mara ya tatu ikaniuliza:
mchapishaji wa muunganisho huu hajulikani. Unamwamini?
Mimi namjua. Ni kijana wa Muleba,
ana makombo ya sambusa kati ya herufi za kibodi,
alinilipia bodaboda siku ile ya homa.
Mashine haina kisanduku cha kuandikia hayo.
Ina Ndiyo, ina Hapana.

Ndiyo.

Kioo kikawa cheusi, kisha buluu,
kisha hodi yangu ikaitikiwa na mimi mwenyewe:
meza yangu ya Igogo, picha ya Sayi hana meno mawili,
hesabu za Ijumaa zimesimama pale pale nilipopiga chafya.
Kishale kinaburuta miguu. Nasogeza mkono huku,
kule kinafikiri kwanza, ndipo kinakuja,
kama mtoto aliyeitwa mbele ya wageni.
Kutoka mlangoni naiona taa ya kiwanda kwa macho haya;
kwa miguu ni nusu saa ya mteremko,
ila Kweyamba anasema herufi zangu
zinapitia kwanza nchi za watu.

Saa nne simu ikalia. Masalu, mlinzi, ananong'ona:
"Mayu, kompyuta yako inaandika yenyewe.
Kiti hakina mtu. Nimemulika tochi. Hakina mtu."
"Ni mimi."
"Ni wewe uko wapi?"
Nikafungua ukurasa mtupu, nikampigia herufi kubwa:
MASALU, NI MBUKE. UMEKULA NINI?
Kimya. Wadudu wa ziwa wakatua kwenye skrini yangu, nikawapangusa.
Kisha, moja moja, kidole kimoja kikitafuta njia:
m w a d i l a   m a y u
ugali

Hapo upepo ukageuka.
Niliisikia mvua ikivuka maji kabla haijafika kwenye bati,
nikakumbuka: Ijumaa niliacha dirisha wazi,
lile la kushoto, lenye bawaba mbovu, juu ya leja.

Nina madirisha saba wazi kwenye skrini hii.
Nayafunga yote kwa ncha ya kidole,
nayapunguza, nayapanga kama karata.
Hilo moja la mbao na kioo, siwezi.

DIRISHA, nikaandika. LA KUSHOTO. HARAKA.
Kishale kikasimama. Picha ikaganda.
Bando, au radi, au nchi hizo za watu.
Nikabaki naitazama meza yangu
kama anayechungulia kwake kwa tundu la ufunguo,
vikombe viko pale pale, ila hajui ni vya leo au vya jana.
Sayi akaamka, akaomba maji. Nikampa. Nikarudi.

Chini ya neno langu kulikuwa na mistari:
nimefunga
imelowa kona tu
nimeianika kwenye kiti chako
sasa kina mtu