Moja, Mbili, Tatu

Usiku wa kuhesabu, darasa la sita,
jedwali la kuzidisha bado limening'inia ukutani,
taa ya sola inachoka kabla yetu.
Sanduku la kifuniko cha kahawia ndilo la mwisho.
Rais ameshahesabiwa, gavana ameshahesabiwa,
sasa ni zamu ya yule tutakayekutana naye sokoni Luanda
akibishania bei ya omena kama sisi.

Msimamizi anainua karatasi, anawaonyesha mawakala.
Ombima. Ombima. Andanje. Ombima.
Andayi, na mtu mmoja anaguna,
maana kila mtu anajua Andayi hashindi.
Alifukua chemchemi, akaijengea mawe na bomba.
Maji tunachota kwake,
kura tunampelekea mwenye gari.

Hata mimi mama aliniambia: mwanangu, kura haitupwi msalani.
Mtazame anayeshinda, umfuate.
Nikamfuata.

Jumapili iliyotangulia Awinja alipiga simu kutoka Sligo,
anakouguza wazee wa watu katika nyumba yenye madirisha mengi.
Niliweka simu mezani, sauti juu,
kati ya sufuria na daftari la maziwa.
Akasema: hata mimi nilipiga kura huku, ya baraza la mtaa.
Hawakuniuliza mimi ni wa taifa gani, waliuliza ninalala wapi.
Penseli imefungwa kwa uzi, na alama ya mkasi hawaitaki.
Unaandika moja kwa unayempenda,
mbili kwa unayemvumilia,
tatu kwa yule ambaye, basi tu, heri yeye.
Viti ni vingi, mezani panakaa zaidi ya mmoja.
Wa kwanza wako akianguka, kura haifi naye,
inanyanyuka, inajipangusa vumbi, inabisha kwa wa pili.
Na aliyepata za kupindukia?
Awinja akacheka. Umesahau gorogoro?
Likijaa, yanayomwagika hayaachiwi kuku,
yanakingwa na gorogoro la jirani.
Wanahesabu siku mbili, wakati mwingine tatu,
wanakunywa chai, wanahesabu tena,
na sijaona tairi likichomwa.

Mama alikuwa akichambua maharagwe.
Nilidhani hasikilizi.

Saa nane na robo usiku msimamizi anakunjua karatasi,
ananyamaza. Anaigeuza. Anaisogeza kwenye mwanga.
Andayi, 1. Andanje, 2. Ombima, 3.
"Huyu ametupangia namba kama ripoti ya muhula!"
Wakala wa Ombima anacheka hadi anakohoa:
"Wangu kawa wa tatu, lakini angalau hajarudia darasa."
Nami nacheka, kisha nakoma.
Ile moja ina kofia na viatu.
Ile mbili ina mkia unaovuka mstari.
Nimeziona kila asubuhi tangu nijue kusoma:
lita 1 kwa Esipila, lita 2 kwa hoteli.

Kiapo nilikula mchana, mbele ya watu.
Naandika kwenye Fomu 36A,
mkono hautetemeki sana:
zilizokataliwa, moja.

Kesho yake jioni wadi nzima ilipojumlishwa
Ombima alimpita Andanje kwa kura sita.
Za Andayi, mia sita na kumi na moja,
zililala ndani ya raba, hamsini hamsini,
na hakuna aliyeziamsha kuziuliza:
baada ya huyu, nani?
Nilijiuliza mwenyewe. Wa pili wangu ni nani?
Wa kwanza wangu, kwa kweli, alikuwa nani?

Lakini alfajiri ile, kabla ya hayo yote,
nilimkuta mama zizini, ndoo kati ya magoti.
Aliuliza bila kugeuka: zote zilihesabiwa?
Nikasema: zote zilishikwa mkononi, moja moja.
Maziwa yakaendelea kupiga bati.
Kisha akanisukumia daftari kwa kiwiko.
"Andika wewe leo," akasema.
"Mimi naambiwa namba zangu hazisomeki."