Tela la Kukunjua

Lilikuja Wete na wapima malaria,
likabaki nyuma ya banda la makonyo,
kuku wakatagia kitandani.

Siku nne nakwangua kutu.
Turubai nimelishona kwa mshipi wa kuvulia;
sakafu, mbao za mlango wa mama mkwe.
Raya kanuna, kisha kanishikia taa.

Winchi bado ina kiburi:
nazungusha, paa lapanda upande mmoja
kama mtu anayeinua ushi.
"Tutakwenda wapi nalo? Kisiwa chenyewe hiki!"
Mpaka Ras Kigomasha, nasema. Tulale. Turudi.

Usiku mvua ikaja.
Tukaingia, tukakaa kimya
tukiisikiliza ile pembe ya kushoto.

Tone.

Raya akasogeza bakuli.
Hakucheka.
Alikuwa karibu.