Pindo

Walimwokota nyuma ya mkahawa wa stesheni, Moscow, Februari,
akigombania kichwa cha samaki na kunguru.
Mbwa koko ndio waliotakiwa, walisema wenye makoti meupe:
njaa ilikwisha wafunza,
baridi ilikwisha wachuja.
Kilo sita kasorobo. Jike. Mweupe, ili atoke vizuri pichani.
Wakamwita Pugovka, yaani Kifungo,
kwa ile pua yake nyeusi, ya duara, yenye kung'aa.

Kapitolina Yegorovna ndiye aliyemshonea vazi.
Wakati wa vita alishona miavuli ya askari wa angani,
hakuwahi kuuliza ni mingapi iliyofunguka.
Alimpima kifua, shingo, bega hadi bega,
utepe ukipita chini ya tumbo,
mbwa akiiramba subana kidoleni,
na hesabu akaziandika kwa penseli juu ya kasha la kiberiti.

Akaacha pindo la vidole viwili.
"La nini?" akauliza mhandisi.
"La kukulia. Mtoto hashonewi nguo ya kumbana.
Akirudi mtamlisha nyama, atanenepa."

Mhandisi akavua miwani, akaifuta,
akaivaa, akaivua tena.
"Kapitolina Yegorovna,
hatukutengeneza mlango wa kurudia."

Cherehani ndiyo iliyojibu.
Mguu wake ukakanyaga, ukakanyaga,
kama wa mtu anayekwenda asikopenda.
Pindo hakulifumua.

Wahenga walinena: mbwa hafi maji aonapo ufuko.
Na kule, ufuko ni upi?
Dunia nzima ilikuwa ufuko, ya buluu, ya mviringo,
ikimpita chini ya kucha,
jua likichomoza, likizama, likichomoza,
asubuhi kumi na sita ndani ya siku moja,
na kila asubuhi, nadhani, alitega sikio
akingoja mlio wa funguo
na harufu ya mkono.

Redioni walitangaza mapigo ya moyo wake.
Kapitolina alikuwa kwenye foleni ya viazi,
kikapu mkononi, theluji imemshika kope.
Watu wakapiga makofi kwa glavu zao,
makofi mazito, yasiyo na sauti.
Bibi mmoja mbele yake akageuka:
"Maskini, huko juu hataona baridi?"

"Nguo inamtosha," alisema Kapitolina.
Foleni ikasogea hatua moja.
"Imezidi kidogo."