Tranka la Milembe

Orodha ya shule ilikuwa na mihuri miwili:
shuka mbili za bluu, ndoo yenye mfuniko,
jembe na mpini wake, fagio la chelewa,
rimu moja ya karatasi,
na tranka la bati. "Imara," wakaongeza,
kana kwamba kuna mzazi anayetafuta legelege.

Tukafika Makoroboi jua halijapanda mawe.
Mafundi walishaanza. Pale ukitaka kusema neno
unasubiri nyundo zivute pumzi.

La kwanza lilikuwa na maua mekundu kifuniko kizima
na tausi ambaye mchoraji hajawahi kumwona.
Milembe alilipenda kabla sijalifikia.
Nikalibonyeza ubavuni kwa dole gumba:
likabonyea, likarudi, likasema pwa,
kama kopo la maziwa.
Hapana, mwanangu.
Akanuna kwa heshima.

La pili zito, lakini bawaba za kubahatisha.
La tatu nikalipindua, na kwenye kitako
yakasomeka maandishi: mafuta ya kula, lita ishirini.

Nilikuwa namkumbuka dada yangu Nyanjige
aliyevuka kwenda Nansio na tranka la bei ya kutupa.
Wimbi moja tu liliruka ndani ya boti.
Vitabu vikavimba kama maandazi,
wino wa daftari la historia ukahamia kwenye sare,
na muhula mzima akavaa shati jeupe
lenye Vita vya Majimaji kifuani, yakisomeka kinyume.
Tulicheka sana nyumbani.
Yeye hakucheka hata mara moja.

"Mama, hili hata kiboko akalie," fundi Lugwisha akasema,
akilipiga teke tranka la kijivu,
rangi ya kitu ambacho hakuna aliyekiomba.
Kiboko hakai bweni, nikamjibu.
Ninaogopa wasichana arobaini wa chumba kimoja
na funguo zao za kujaribujaribu.

Tranka halitazamwi kwa nje.
Nikapiga magoti, nikaingiza kichwa na mabega,
nikamwambia ateremshe kifuniko mgongoni mwangu,
na kwa kitenge nikaziba kila upenyo uliobaki.
Giza. Harufu ya rangi na lehemu.
Nyundo zikawa za mtaa wa pili.
Nikatafuta nyota, maana tundu lolote la bati
huwa nyota ukiwa ndani,
nikaiona moja, karibu na bawaba ya kushoto,
ndogo kama punje ya ulezi.

Ndipo nikamsikia mtu anapatana bei huko nje.
"Themanini? Kwa bati hili?
Mjomba, sisi si wageni wa meli."
Sauti kavu, haina haraka.
"Sitini, na kufuli juu yako.
Na tundu atakaloliona mama, uzibe bure."
Nikadhani ni mteja mwingine,
mwanamke wa Igoma aliyezoea masoko.
Kisha akacheka, na cheko lile nalijua,
nimelilea tangu halina meno.

Nikakaa humo kidogo kuliko kupita kiasi,
halafu nikakaa tena kidogo.

Nilipotoka nilikuwa na rangi ya kijivu shavuni
na hakuna aliyeniambia.
Sitini na tano. Lugwisha akaziba nyota yangu
kwa tone moja la lehemu,
akaandika jina kwa brashi, MILEMBE,
E ya mwisho ikakosa nafasi, ikasimama kwa kujibana.

Kufuli lilikuja na funguo mbili kwenye waya mmoja.
"Mmoja wa mtoto, mmoja wa mzazi," akasema,
"ndivyo watu wanavyofanya."
Milembe akaanza kuukunjua waya, polepole,
akanitazama,
akazitazama funguo,
na mwenye toroli akauliza tunaelekea wapi.

Mabatini, tukajibu kwa pamoja,
kiganja changu kikiwa bado wazi.