Usiandike Pembeni

Saa mbili kasorobo, Oulu bado gizani.
Februari. Theluji inavuka kizingiti na viatu vya watu,
inakuwa maji, inakuwa kazi ya mwenye dekio.
Makoti yanatundikwa ukutani, mia na arobaini,
kama darasa jingine limesimama, halina vichwa.

Nasoma kanuni. Nimezisoma miaka sita
baada ya thelathini na mmoja ya kupanga barua posta,
na sauti yangu bado ni ya mtu anayetaja mitaa:
Simu izimwe, ikae begini, begi likae mbele.
Saa ya mkononi mezani. Kitambulisho mezani.
Chakula kisiwe na kelele.
Usiandike pembeni, ng'ambo ya mstari mwekundu;
pale ni pa msahihishaji.
Atakayekutwa na maandishi, ameyatumia au hakuyatumia,
ni mamoja.

Hucheka kidogo wakifika kwenye kelele. Kila mwaka.
Mwaka juzi mmoja alikuja na karoti.

Wasimamizi nasi tuna kanuni zetu, ingawa hazisomwi:
tusisome, tusifume,
tusisimame nyuma ya mtu mmoja hadi jasho limtoke.
Hellevi hufuma moyoni. Naviona vidole vyake vikihesabu
vitanzi vya soksi isiyokuwepo.

Saa nne na dakika ishirini. Hesabu za madaraja:
mzigo, upepo, chuma kinachochoka.
Shingo zinarefuka; zikikutana na macho yangu, zinafupika.
Namsindikiza binti chooni, nasubiri mlangoni
nikisikiliza maji kwa amri ya chuo kikuu.

Kisha mkono. Safu ya tisa, karibu na dirisha.
Nadhani anataka karatasi ya ziada. Naipeleka.
Iivari Kemppainen, kinasema kitambulisho,
na picha ya mvulana mwenye mashavu;
huyu aliye mbele yangu ameyaacha mahali.
Kumbe yeye ndiye mwenye kutoa.
Kikaratasi, kimekunjwa mara nne, udogo wa stempu,
mwandiko wa sisimizi unaonekana kwa nyuma,
kina joto la soksi.

"Sijakifungua," ananong'ona. "Nimeshindwa."

Ameshindwa nini? Kuiba, au hesabu?
Sikumwuliza. Mazungumzo hayaruhusiwi.
Na huu nao ni mtihani, ila karatasi nimepewa mimi.

Posta zilikuwepo barua zilizofika gundi imeachia.
Tulifundishwa kuzifunga bila kutazama ndani.
Tulizifunga. Mimi nilitazama, mara moja tu,
barua ya mume wa jirani, kurasa mbili,
na tangu siku ile nimemsalimia mke wake ngazini
nikiwa na mwiba wa samaki kooni.
Hakuna fomu iliyojazwa.

Fomu ya chuo ina visanduku vitatu:
Simu. Maandishi. Kuzungumza.
Hakuna kisanduku cha aliyekileta mwenyewe.
Hellevi ananiambia kwa macho: kitupe, mama, pipa liko pale.
Ni kweli, liko pale.
Lakini kesho kijana huyu atapima chuma,
watu watapita juu yake na baiskeli na watoto,
na siku moja chuma kitamwambia jambo asilotaka kulisikia,
na nataka siku hiyo mkono wake ukumbuke kuinuka.
Au najidanganya. Labda ni ile barua.

Natia alama: Maandishi.
Natia saa: nne na dakika arobaini na moja.
Halafu kalamu yangu inavuka mstari mwekundu
niliowakataza watu mia na arobaini asubuhi hii hii,
naandika pembeni, kwa herufi za posta, kubwa, wima:
AMEKITOA MWENYEWE. HAKUNA ALIYEMWONA.

Yeye anaendelea. Kanuni inamruhusu kumaliza;
kuna kanuni ambazo husahau kuwa kali.
Jua limefika, la kando, lisilopasha kitu,
limekaa juu ya daraja lake la penseli
na juu ya mkono wa kushoto
ambao bado, sijui kwa nini, hajaushusha wote.