Alama ya Kujumlisha

Nilikiweka kisanduku mezani pake
nikiwa tayari nimejipa jibu.
Risasi hamsini, na pembeni mwa jina
alama nyekundu ya kujumlisha,
kama msalaba wa duka la dawa.

"Dubu," nikasema. "Napima mipaka ya msitu hadi Septemba.
Za kawaida hazinitoshi."

Marit Haugland hakuitika.
Alichomoa magazini kwanza, akavuta kitelezi nyuma,
akachungulia chumba kitupu,
kisha akatia kidole cha mwisho
kuuliza tena alichokwisha jibiwa na jicho.
Nje, mvua ya Petersburg, Alaska,
ilikuwa juu ya bati tangu Jumanne.

"Bastola ya Halvor."
"Ya baba, ndiyo."
"Alikuwa anaipiga nini?"
"Makopo. Jumapili, kule kwenye machimbo ya kokoto."
"Kwa risasi gani, mwanangu. Si kwa shabaha gani."

Akavaa miwani ya pili juu ya ya kwanza
na kuusoma mtutu kama barua ya mtu mdaiwa.
Hakukuwa na msalaba mwekundu popote.
"Kujumlisha huku," akasema, "kunaweza kutoa.
Kidole. Jicho.
Baruti haijui kama chuma ni kizee.
Inasukuma tu."

Nikampa kijitabu cha kiwandani,
kilichokaa miaka kwenye droo ya jikoni.
Ukurasa wa thelathini na moja: *zinaruhusiwa, kwa uchache;
springi ibadilishwe mapema.*
Na pambizoni, penseli ya baba, herufi zake za kuinama:
*springi — kesho.*

Droo hiyohiyo, chini ya kijitabu,
tulikuta vidonge vyake vya shinikizo la damu,
kopo tatu, lakiri haijavunjwa.
Sikumwambia Marit.
Nadhani aliusoma ukurasa huo pia.

Machimboni alinipa za kawaida kwanza, springi ikiwa ileile.
Maganda yaliruka hatua saba,
yakapotea kwenye vichaka.
"Umeona? Inatupa kwa hasira. Imechoka kuzuia."
Akaifungua juu ya kitambaa, magotini, mvuani,
akatoa kile kizingo cha waya kilicholegea
akakiweka kando ya kipya:
cha zamani kimepungua upana wa kucha mbili.
Miaka yote ile, Jumapili baada ya Jumapili,
hakuna aliyesikia kikifupika.

Kipya kikaingia kwa kusuasua.
Maganda yakaanguka hatua tatu, karibu pamoja,
kama kuku walioitwa.

"Sasa hizo zako. Moja. Halafu tunaangalia."
Mkono uliruka, kifundo kikaniuma,
na mlio ule ulikuwa na sakafu chini yake.
Akaliokota ganda likiwa moto bado,
akaligeuza: tumbo halijavimba,
fataki haijalala bapa, mdomo haujachanika.
Moja tena. Tukaangalia tena.
Saa nzima kwa risasi kumi.
Watu husema usione vyaelea, vimeundwa;
Marit husema na vinavyolia, vimepimwa.

"Zilizobaki ni za msituni. Mazoezi, piga za kawaida.
Usiishi kwenye msalaba."

Septemba imepita. Dubu sikumwona,
ila kinyesi chenye mbegu za matunda, kibichi, kikitoa mvuke,
na mimi nimesimama pale nikijipigia makofi kama mwehu
ili asinione ghafla.
Risasi arobaini ziko kisandukuni.

Wiki iliyopita, kliniki, muuguzi alinifunga ule mkanda
unaojaa hewa na kubana mkono.
Akasoma namba, akakunja uso kidogo.
Sikumuuliza kama ni kubwa.
Nilimuuliza:
mimi, kiwandani, walinipangia ngapi?
Alicheka, akaandika kitu kwenye karatasi.
Dawa nimeinunua jioni ileile,
na lakiri nimeivunja nikiwa bado kaunta.