Kabla ya Kukaza Skrubu

Mbukwenyi, Ndahani. Ingia. Bunduki ielekeze ukutani,
bolti itoke kwanza, nione mwanga kupitia mtutu.
Vizuri. Sasa hilo sanduku.

Umetoka nalo Dodoma kwa basi, magotini,
limefungwa utepe kama mahari:
darubini ndefu kama bua la mtama,
tochi, miguu miwili ya kukunja,
pimamaji ya kukwambia umeinama,
mkanda wa mifuko tisa ya risasi,
na leseni yako inasema pofu mmoja.
Angalia asiwe wewe.

Mara ishirini na nne! Unakwenda kuwinda mwezini?
Kichaka cha Itigi unakijua.
Mnyama yuko hatua thelathini na humwoni,
unasikia tu tawi likirudi mahali pake.
Humo, kwa mara ishirini na nne, utaona unywele.
Utaona kupe juu ya unywele.
Kama ni bega au paja, hutajua.

Chukua hii fupi. Inaishia mara tano.
Si mpya: ilikuwa ya bwana mmoja wa Kilimatinde
aliyeacha kuwinda akaanza kufuga nyuki.
Kioo chake hakina koga. Nimekiangalia
kwenye jua, kama daktari anavyoangalia picha ya mapafu.

Na pete hizi zako, ndefu, zinang'aa,
zimeibeba darubini juu juu
kama mtoto begani mwa baba yake gulioni.
Weka shavu kwenye kitako. Unaona nini?
Giza.
Inua shingo. Eeh, sasa unaona,
lakini shavu linaelea,
na shavu likielea risasi huenda tumboni,
na hiyo ya tumboni ndiyo utaifuata siku mbili
ukihesabu matone kwenye majani, ukijichukia.

Ninazo pete fupi, nyeusi, hazina sura.
Nilizichonga mwenyewe kwenye mashine ile
kutoka ekseli ya Fuso lililopinduka mlimani Saranda.
Hazitakuwa za kuonyesha watu.

Sogea. Kati ya kioo na nyusi acha vidole vinne.
Vinne, Ndahani, si viwili.
Baba yangu, Mudimi, aliacha viwili.
Bunduki ilirudi nyuma kama punda aliyechokozwa,
ukingo wa darubini ukamchora hilali juu ya jicho la kulia.
Ilikuwa mwisho wa Shaabani. Majirani wakaja kumtania:
Msihangaike kupanda kilimani,
mwezi umeandama kwa Mudimi!
Alicheka nao. Damu ikamwingia mdomoni, akacheka.

Skrubu hazikazwi kwa hasira.
Kidogo huku, kidogo kule, rudi huku tena,
kama mwenye wake wawili anavyogawa sukari.
Nyuzi zitie tone moja la gundi, siyo mafuta;
njia ya kwenda Kizigo ina makorongo,
na gari huzilegeza nati zote, hata za meno.

Vumbi? Usinunue kifuniko.
Kata mpira wa ndani wa baiskeli,
uvishe mbele na nyuma, unavuka kama soksi.

Kesho, kabla upepo haujaamka,
twende kwenye shimo la kokoto. Risasi tatu, boksi la sabuni.
Zikikaa pamoja pembeni, tutazisogeza.
Zikitawanyika, tunarudi hapa, tunaanza kwenye pete,
na wewe hutaniambia habari ya haraka.

Mkanda wa mifuko tisa urudishe dukani.
Miguu ya kukunja pia: nyasi za huko zinakupita kiuno,
utalala chini umlenge nani, mchwa?
Tochi mpe mkeo, umeme wenu naujua.

Pimamaji niachie, nikukate bei ya ufundi.
Ile rafu ya vikombe, baba aliijenga mwaka uliofuata,
kwa jicho lililobaki,
na mpaka leo kila kikombe ninachokiweka
kinatambaa polepole kuelekea kulia.